Barua Saba za Bima

Kornelio aliingia ofisi ya bima bila hodi. Nje alimpita bwana mmoja mwenye mvi, aliyekuwa benchini akiota jua, mkoba mapajani. Hata habari za asubuhi hakumpa.

"Mama, nataka bima. Leo hii hii."

Efrazia, aliyekalia kiti nyuma ya meza, alimtambua palepale. Kipara kipya, sauti ileile. Huyu ndiye mwalimu aliyemwandikisha "Sitacheka darasani" mara mia, akahesabu, akakuta tisini na tisa, akamfukuza shule. Darasa la nne likawa mwisho wake.

"Pita pembeni, sakafu mbichi. Bima ya nini?"

"Ya sinema ninayopiga. Kijiji cha ujamaa, watu arobaini ndani ya lori, wanateremka kona za Mombo wakiimba. Sasa mwenyekiti wa kijiji kagoma. Eti bila karatasi ya bima hapandi mtu. Akivunjika mguu nani atamlipa? Na kamera nimeazima, kesho inarudi Dar es Salaam!"

"Maskini weee." Efrazia akamsogezea karatasi. "Andika barua ya maombi."

Akaandika. Efrazia akaisoma polepole, kidole kikifuata mistari.

"Mwandiko umelala. Rudia."

Akarudia.

"Hukumtaja dereva. Rudia."

Ya tatu ilikuwa na doa la wino. Ya nne haikuwa na salamu. "Watu husalimiwa, bwana," alisema Efrazia. Kornelio alitoka jasho, na baridi yote ile ya Lushoto.

Yule mwenye mvi akachungulia mlangoni. "Ndugu, nikusaidie..."

"Wewe bwana, ngoja zamu yako!" Kornelio alifoka bila kuinua kichwa. "Nahudumiwa na mama!"

Mwenye mvi akamtazama Efrazia. Efrazia akapandisha mabega, kisha akauma ncha ya khanga. Bwana yule akarudi juani, amenuna.

Saa sita basi la Tanga likapiga honi. Bwana yule akapanda na mkoba wake.

"Na hii?" Kornelio alinyoosha barua ya saba.

"Hii safi kabisa."

Efrazia alisubiri mpaka mngurumo wa basi ukapotelea konani. Ndipo akainuka, akavuta ndoo na tambara kutoka chini ya meza.

"Itunze, mwalimu. Bwana Bima uliyemwambia angoje zamu hupanda huku mara moja kwa mwezi. Sasa inua miguu, nimalizie kupiga deki."