Kuonana na Mama Yuster

Abeli alipokaa tu kwenye benchi, Mama Yuster aliinuka kama aliyekalia siafu, akaenda kusimama nyuma ya nguzo ya bembea. Kitenge chake alikivuta mpaka kikamfunika uso wote.

Watu waliopanga foleni waliona. Jumapili hiyo kilima cha Nyakisasa kilikuwa kimejaa, maana tangu bembea ile ifungwe pale ukingoni, ikimrusha mtu kuelekea milima ya Burundi, hakuna kijana wa Ngara wala Biharamulo aliyetulia bila kuwa na picha yake.

Yuster, mchumba wa Abeli, ndiye aliyechagua mahali. Nyumbani Biharamulo, alisema, ndugu wangejaa na maneno yangekuwa mengi. Bora wakutane matembezini.

"Mama hatakujibu kwa mdomo," alimwambia Abeli. "Ukimwona tu utajua kama amekukubali."

Haya, sasa alikuwa anamwona! Alipofika na shati lake jipya alisema, "Shikamoo mama," akanyoosha mkono. Mkono ukabaki hewani. Mama Yuster aligeuza mgongo, akamnong'oneza kaka yake, mzee Bulugu.

"Anasema marahaba," Bulugu akajibu.

Anasema! Kwani Abeli ana ukoma? Mwezi uliopita tu, alipomtengenezea cherehani sokoni, mama huyuhuyu alimpa mikono yote miwili, akamtania kwamba fundi mwembamba hivi atachukuliwa na upepo. Wakati ule hakujua kwamba fundi anamtaka binti yake. Leo anajua, na leo hata kumtazama hataki.

Sababu Abeli aliijua. Aliokotwa kwenye kambi ya wakimbizi ya Benaco akiwa mchanga, akalelewa na masista. Baba hamjui, mama hamjui, ukoo wake ni jina lililoandikwa kwenye cheti cha ubatizo. Masista walimfundisha sala, hesabu na ufundi. Mambo ya kwenda ukweni hakufundishwa na mtu. Lakini dharau aliijua vizuri, alikua nayo.

Akajikaza. Alinunua soda tatu, akawapelekea mbili. Bulugu alipokea zote mbili, na Mama Yuster akaenda kuinywea ya kwake nyuma ya mwamba. Abeli akisogea, naye anasogea. Abeli akizunguka kushoto, yeye anakwenda kulia. Wasichana wawili kwenye foleni walianza kucheka, tena bila kujificha.

Zamu ya Yuster ikafika. Alifungwa mkanda, akasukumwa, miguu yake ikapaa juu ya bonde. Bembea iliporudi aligeuza shingo, akamwona mama yake amejibanza kwenye mwamba na kitenge usoni, Abeli amesimama kando na chupa mkononi.

Yuster akapiga kigelegele kirefu.

Hata yeye! Anafurahia bembea huku mwenzake anaaibishwa mbele za watu! Damu ilimchemka Abeli. Miaka yote ya kuitwa mtoto wa kambi ilimpanda kichwani kwa mara moja, akaitupa chupa na kumfuata yule mama kule mwambani.

"Mama, nitazame!"

Mama Yuster akarudi nyuma.

"Nitazame usoni uniambie kwamba hunitaki! Mimi ni mtu, sikuzaliwa na fisi!"

"Abeli, acha!" Bulugu alipaza sauti. "Usimguse!"

Abeli alikwisha kushika ncha ya kitenge. Akakivuta kwa nguvu, kikamtoka yule mama mabegani.

Mama Yuster alipiga ukelele, akajifunika uso kwa viganja, akaketi chini vumbini. Msukuma bembea aliidaka kamba, na Yuster akabaki ameduwaa kwenye kiti, mkanda haujafunguliwa.

"Basi," alisema Abeli, akihema. "Jibu nimelipata. Mwambieni binti yenu posa imekufa leo. Siwezi kuoa kwa watu wanaonidharau."

Mzee Bulugu aliokota kitenge, akakikung'uta vumbi, akamfunika dada yake polepole kuanzia kichwani. Aliposimama, alimkazia Abeli macho kwa hasira.

"Nani amekudharau, ng'wanawane, mwanangu?" aliuliza. "Kwetu Usukuma mama anamtazama usoni mtu yeyote, hata mwizi. Anayemfichia uso ni mmoja tu, yule ambaye amekwisha kumkubali amwoe binti yake."