Gitaa la Mapajani

Mnunuzi aliingia sebuleni bila kupiga hodi, akasimama mbele ya gitaa lililolala juu ya meza.

"Mama, hili linauzwa?"

Mwanamke aliyekuwa akikunja nguo hakunyanyua uso. "Linauzwa, bwana. Karibu ukae."

Zamani swali hilo lilikuwa likimkata maini. Siku hizi lilipita tu, kama mlio wa bomba la jirani. Hata machozi yalikuwa yamemkaukia. Hakujua ni lini hasa, wala hakuyatafuta.

"Lilikuwa la nani?"

"La mume wangu."

"Mpigaji?"

"Mpigaji? Fundi hasa."

Akajikuta anaeleza, kwa sauti kavu ya mtu anayesoma tangazo. Mumewe alikuwa akitengeneza redio. Siku moja redio iliyokuwa mezani pake ilinasa kituo cha mbali, Mhindi anaimba, na sauti yake hairuki kutoka noti hadi noti, inateleza. Mumewe aliacha kazi, hakula, hakusema na mtu. Baadaye alilifungua gitaa lake, akaongeza nyuzi nyembamba chini ya zile kubwa, nyuzi zisizoguswa kamwe, ambazo huitika zenyewe zile za juu zikipigwa. Wenzake wa bendi walimcheka: "Unapiga gitaa au unamliza paka?" Akaihama bendi. Kila wimbo aliuimba kwanza kwa mdomo mpaka nyumba nzima ikaukinai, ndipo akashika kipande cha chuma cha kutelezesha juu ya nyuzi.

"Alikuwa na kichwa kigumu," mnunuzi alicheka.

"Mno."

Binti yake alisema kutoka jikoni, kwa sauti ya chini yenye hasira: "Mama, si ulifungie kabatini tu? Mpaka lini?"

"Mwache ajaribu."

Mnunuzi alikaa, akalilaza gitaa mapajani, akashika kile kipande cha chuma. Vidole vilisita, kisha vikapata njia. Chuma kiliteleza polepole juu ya uzi. Noti ikapinda, ikapanda kidogo kidogo, ikakaribia ilikokuwa ikienda, ikarudi nyuma kama mtu aliyeona haya, halafu ikafika. Nyuzi za chini zikaitika. Sufuria zikanyamaza jikoni.

Mwanamke alibaki na taulo mkononi. Alingoja kifua kimbane. Hakikubana. Alichosikia ni kwamba uzi mmoja umelegea.

"Huu umelegea," mnunuzi alisema, akaukaza bila kuangalia.

Alipiga tena, kwa muda mrefu, macho yamefumbwa. Alipomaliza alilirudisha gitaa mezani taratibu, akalipangusa kwa mkono wa shati.

"Nimelipenda, mama. Lakini siwezi kuamua peke yangu. Ngoja nimuulize mke wangu kwanza."

"Ni mtu wa namna gani?"

"Mkali." Alitabasamu. "Lakini ana sikio."

"Yuko wapi?"

Mnunuzi aliutazama mlango. "Ametoka kidogo. Ukimwona, mwambie namtafuta."

"Nitamwambia."

Binti akachungulia, mikono yake ikichuruzika maji.

"Baba, Mama, njooni mle. Chakula kinapoa."