Jicho la Mweupe, Jicho la Kijivu

Katika chumba cha majaribio cha kiwanda cha wanja, sungura walikuwa wamebanwa ndani ya visanduku, vichwa tu nje, wasiweze hata kujikuna. Tausi, mfagiaji, alimwona mmoja mweupe jicho limevimba, linatoka usaha. Hakuvumilia. Alichovya ncha ya kanga yake kwenye maji safi, akalifuta jicho lile taratibu mpaka sungura akatulia.

"Umefanya nini, dada?" Bwana Mgaya, mkuu wa chumba, alikuwa mlangoni anavaa glavu.

"Nimemwosha. Anaumia."

Tausi alisubiri kufukuzwa, na tusi alikuwa nalo tayari. Lakini Mgaya alicheka tu.

"Una huruma wewe! Sasa umeosha dawa ya jaribio, huyu ni wa kutupwa. Tunaanza upya na mwingine."

"Tunaanza nini? Bibi yangu alisaga wanja wake mwenyewe, akajipaka yeye kwanza, ndipo akatupaka sisi. Nyinyi mbona hamjipaki?"

"Bibi yako alikuwa anauza ng'ambo, wanakodai majaribio kwanza? Nishikie yule wa kijivu. Ukikataa nitamshika mwenyewe, na mkono wangu unaujua."

Tausi aliujua. Wiki iliyopita ulivunja shingo ya sungura.

Basi Tausi akamtoa kisandukuni, akamshika. Sungura alikuwa wa moto, moyo unamdunda kwenye kiganja cha Tausi. Mgaya akainamisha kichupa cha wanja wa maji. Tone likaning'inia juu ya jicho zima, na sungura, kwa kiu, akaanza kulamba ncha ya kanga iliyoloa.