Aliyemchekesha Mtangazaji

Binti ya Delbert na mkewe alipoweka diski ya kipindi cha zamani cha televisheni, wote sebuleni katika nyumba ile ya shambani Nebraska, Marekani, wakasogelea kioo. Miaka nenda miaka rudi, Delbert alikuwa akisimulia jinsi alivyomchekesha mtangazaji wa ile chemsha bongo ya vichekesho hata kadi za maswali zikamponyoka. Leo wajukuu wangejionea.

Kwenye kioo, mtangazaji aliwauliza Delbert na mkewe, wakiwa bado vijana, siri ya ndoa yao.

"Haya, babu, ndiyo hiyo!" wajukuu wakapiga kelele.

Delbert kijana alifungua kinywa, kisha akamgeukia mkewe. Mkewe, glavu zake nyeupe mapajani, akasema:

"Sikio lake moja halisikii. Mimi hulala upande huo."

Kadi zikatawanyika sakafuni.

"Hebu rudisha," Delbert akasema.

Wakarudisha. Mkewe akasema yaleyale. Mbona Delbert alikumbuka maneno yale yakitoka kinywani mwake, na watu wakiangua kicheko?

"Wameichezea diski hii," akanong'ona. "Si ndiyo, mama?"

Wote wakamgeukia mkewe. Bibi yule akajipangusa chembe za keki vidoleni, kimoja kimoja.

"Wameichezea, mpenzi," akasema. "Watu wa televisheni hao!"