Kamera ya Mshona Lesi

Katika duka la kamera mjini Zadar, muuzaji alimsifia Ljerka, mshona lesi wa miaka themanini, kamera ya euro elfu moja. "Inanasa hata ndege angani, bibi."

"Ndege wa nini, mwanangu? Nataka inikuzie nyuzi. Macho yamenitupa mkono."

Akakipiga picha kitambaa cha lesi alichokuja nacho kwa kila kamera. Ile ya euro elfu ilileta ukungu kila ilipokaribia. Ndogo ya euro tisini ilionyesha kila uzi, mnene kama kamba.

Kidole chake kikasimama kwenye kioo cha kamera. "Hapa nimekosea fundo."

Muuzaji akainama. "Lipi? Mimi nina macho mazima na sioni kitu!"

"Hujashona miaka sitini kama mimi, wewe."

Muuzaji akazirudisha kamera nyingine kabatini bila kuambiwa. Alipogeuka, Ljerka alikuwa ameshatoa sindano, anafumua lile fundo.