Rhobi na Kengele

"Baba Rhobi, mrudishe tu nyumbani," mwalimu mkuu aliniambia. "Hapa hatuna mwalimu wa watoto wenye usonji. Kengele ikilia, anakimbia mpaka barabarani. Iko siku malori yaendayo mpakani Sirari yatamgonga."

Kengele yenyewe ni rimu kuukuu ya gari, imening'inizwa nje ya ofisi na inagongwa kwa nondo. Binti yangu alikuwa amesimama mbele yake, ameziba masikio ingawa ilikuwa kimya. Aliikodolea macho vile alivyokuwa akilikodolea dume letu la ng'ombe zamani.

Dume lile linatimua hata wanaume. Rhobi aliacha kuliogopa siku nilipomkabidhi fimbo alichunge mwenyewe.

Nilitoka ofisini bila kuaga, nikaichukua nondo.

"Mama," nikamwita, maana ana jina la mama yangu. "Shika."

"Mzee, saa ya mapumziko bado!" mwalimu alifoka kutoka mlangoni.

Rhobi alitoa mkono mmoja sikioni, akaipokea. Nondo ilikuwa nzito, ikainama mpaka chini. Akaitazama kwa muda mrefu. Kisha akautoa na mkono wa pili.

Akagonga. Akagonga tena, kwa nguvu zaidi, na hakukimbia. Watoto wakamwagika uwanjani kutoka kila darasa, wakishangilia.

Mwalimu alikuja mbio kumnyang'anya nondo. Nikasimama katikati yao.

"Mwalimu," nikasema, "niambie tu kesho mapumziko ni saa ngapi."