Kinda Aliyempa Kicheche Zamu

Alikuwako Kwale mmoja mwoga, mama wa kinda mmoja tu, na kutwa alikuwa akimwambia nyamaza mwanangu, nyamaza, Kicheche atakusikia. Chiriku alipofungua darasa la mdahalo kwa watoto wa ndege, kinda akaomba mpaka akapelekwa.

"Usimfundishe kupayuka, mwalimu," alisema Kwale.

"Kupayuka anajua mwenyewe, mama. Mimi namfundisha kusimama, kusalimu, na kumpa mwenzake zamu."

Siku moja Kwale na kinda wakirudi nyumbani kutoka darasani, Kicheche akachomoka kichakani akamkandamiza kinda kwa mikono yote miwili. Kwale akanong'ona, "Nyamaza, mwanangu!"

Kinda akamtazama mama yake. "Mheshimiwa mwenyekiti, hoja yangu ni kwamba Kicheche hajui kujieleza, ndiyo maana anakula tu. Ahsante. Sasa ni zamu ya mpinzani."

"Sijui kujieleza, mimi?" Kicheche alifoka. "Ukoo wetu wote wasemaji!"

"Basi mpinzani asimame wima, mikono juu, waamuzi waione. Ndiyo kanuni."

Kicheche akasimama, akainua mikono, akakohoa kidogo. "Mheshimiwa mwenyekiti, waamuzi, wageni waalikwa..." Alipomaliza kusalimu, mwenyekiti na kinda wake walikuwa wamekwishazama kwenye kichaka cha miiba.

Jioni ile kinda alipoambiwa alale, akagoma. "Mama, napinga hoja."

Kwale akacheka na kumkunjulia bawa. "Pinga, mwanangu. Na useme kwa sauti, nakusikiliza."